Baiskeli Nyekundu na Uzio wa Mzee Anaeli

Sogeza kigoda, mwanangu, na hiyo simu iweke chini kidogo unisikilize. Nimeambiwa baiskeli yako imeibwa sokoni, na kwamba kesho unashuka mjini kununua nyingine, ile ya bei ndogo inayong'aa. Sikukatazi. Ila kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka kila nikisikia kengele ya baiskeli mpya, na ningependa uende nayo huko dukani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe wawili bandani, na maziwa yao ya asubuhi yalikuwa na mnunuzi mmoja tu, Mama Aikande, mwenye mgahawa wa chai kule Njoro, chini mjini. Baba alikuwa ameumia goti, hawezi tena kupanda baiskeli, kwa hiyo kazi ya kushusha maziwa ikawa yangu. Kila kukicha nilifunga madumu mawili kwenye keria ya baiskeli yake, nyeusi, nzito kama mlango wa kanisa, nikateremka nayo. Kurudi niliisukuma njia nzima. Wasichana waendesha baiskeli hawakuwa wengi huku mlimani, na vijana wa njia panda hawakuniacha nipite kimya.

"Dada dereva, tupe lifti!"

"Leo nabeba maziwa," nawajibu. "Nyie mtachacha njiani."

Basi siku moja niliiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mgahawa, nikaingia kumimina maziwa. Mama Aikande akanisukumia kikombe cha chai na andazi, nami nikaketi. Sikukaa sana. Lakini nilipotoka, ukutani palikuwa na alama ya usukani tu, na vumbini mstari wa tairi ukielekea barabara kubwa. Nilikimbia mpaka barabarani na madumu matupu mikononi, nikasimama pale kama mtu anayesubiri basi.

Mama Aikande alinihurumia, lakini hakunidanganya. "Wateja wangu wanakunywa chai kabla ya kwenda kazini," alisema. "Wakifika wakakuta chai ya rangi, kesho wanaenda kwa jirani. Nakusubiri wiki hii, binti. Wiki ijayo itabidi nichukue maziwa ya mtu mwingine."

Hapo ndipo palipokuwa na shida, mwanangu. Bila baiskeli nilitembea na ndoo kichwani, na nilifika chai imeshanywewa. Na bila Mama Aikande, maziwa yale tungemuuzia nani? Huku juu kila nyumba ina ng'ombe wake.

Baba akauza ndama, nikashuka mjini.

Fundi mmoja alinionyesha baiskeli ya mtumba. Ilikuwa imepauka, kiti kimeshonwa kwa kamba, na fremu yake nene ilinikumbusha ile iliyoibwa. Sikuitaka. Nilitaka kitu cha kunisahaulisha. Kwenye duka la pili kulikuwa na mpya, nyekundu, ina kioo cha pembeni na kengele yenye sauti ya kengele ya shule, na bei yake ilikuwa chini kuliko ile kuukuu.

"Jaribu, dada," muuzaji akasema. "Zunguka hapo mbele. Usipoipenda, irudishe."

Nikazunguka. Uwanja ulikuwa bapa kama sinia. Nilikuwa mwepesi, sina mzigo, upepo unanipuliza usoni. Nilizunguka mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa tayari nimeshainunua.

Nyumbani walikuja kuitazama kama wanavyokuja kutazama mtoto mchanga. Mama aliifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe. Baba alikaa kwenye benchi, akaibonyeza breki kwa kidole kimoja, akaiachia, akaibonyeza tena.

"Inapendeza," akasema.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na ningekuwa na masikio ningesikia alichoacha kusema. Lakini nilikuwa na kengele.

Wiki ya kwanza niliwahi kila siku, na Mama Aikande akafurahi. Wiki ya pili keria ikaanza kuinama upande mmoja. Nikaifunga kwa vipande vya tyubu. Kisha spoki mbili zikalegea, nazo nikazikaza. Kisha breki zikaanza kulia kila nikifika kwenye mteremko mkali, ule unaopita kando ya kihamba cha Mzee Anaeli, shamba lake la nyumbani, pale migomba inapokutana na barabara. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Watu walikuwa wameshaisifu. Nikajifariji kwamba kitu kipya hupiga kelele mpaka kizoee.

Kosa langu ni hilo, mwanangu, na nakuomba ulitazame vizuri. Kununua vibaya kunampata kila mtu. Mimi nilisikia breki zikilia siku nne mfululizo, nikaendelea kupakia madumu.

Siku ya tano mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nilipofika pale juu ya mteremko nikakamata breki, na breki ya nyuma ikalegea mkononi, waya umekatika. Ya mbele ilishika kidogo, ikateleza. Baiskeli ikachukua kasi. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akipanda polepole na mzigo wa nyasi za ng'ombe kichwani, mkubwa hata umemfunika uso. Nikapiga ile kengele. Hakujua aende upande gani, akasimama katikati ya barabara.

Nikakata kushoto, nikaingia kwenye uzio wa Mzee Anaeli.

Unajua uzio wetu wa masale, ile mimea mirefu yenye majani membamba tunayopanda mpakani. Nilibomoa hatua kama nne za uzio ule. Niliumia kiwiko tu. Lakini madumu yalipasuka, na maziwa yakaingia kwenye mfereji wa kumwagilia, yakateremka meupe kabisa kati ya migomba, na mimi nimekaa kwenye tope nikiyatazama yakienda mjini bila mimi.

Yule mama alitua nyasi zake, akanishika bega. "Uko mzima?" Nikasema ndiyo. "Basi shukuru. Na maziwa yamefika shambani kwa mwenye uzio, labda ndizi zitakuwa nono."

Nikasikia hatua za Mzee Anaeli. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole lakini mkali kwa mambo ya mpaka. Nilijua la kufanya, maana tumelelewa hivyo: ukimkosea mtu, unamletea jani la sale, na akilipokea amekusamehe. Nikachuma jani lililokuwa karibu, nikasimama, nikalishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akatazama uzio. Akatazama jani. "Hilo umelitoa wapi?"

"Hapa, babu."

"Hapa wapi?"

Ndipo nikaelewa, na uso ukaniwaka. Yule mama wa nyasi akageuka pembeni, mabega yakimtikisika.

"Umebomoa uzio wangu," Mzee Anaeli akasema polepole, "halafu unaniomba radhi kwa jani la uzio wangu. Hata msamaha unataka nikugharamie mimi?" Akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi. "Nenda nyumbani, mjukuu. Uoshe hicho kiwiko. Ukirudi, njoo na sale la kwenu."

Nilirudi alasiri na jani la kwetu. Alilipokea, akaliweka juu ya mlango, akaniketisha. Kisha akaiomba ile baiskeli. Ujanani mwake alikuwa akishusha magunia ya kahawa kwa baiskeli, kwa hiyo vidole vyake vilijua pa kugusa. Aliipindapinda keria. Alizungusha gurudumu akalitazama likiyumba.

"Siku ya kununua uliijaribu wapi?" akauliza.

"Pale dukani."

"Pale pakoje?"

"Tambarare, babu."

"Ulikuwa umebeba nini?"

"Sikubeba kitu."

"Na kila siku unaipeleka wapi?"

Nikageuka nikautazama mteremko. Aliisimamisha baiskeli vizuri, akaipangusa kiti kama anayempangusa mtoto pua.

"Hii haina kosa," akasema. "Imetengenezwa kwa mtu mmoja na barabara iliyonyooka. Wewe umeikabidhi mlima na madumu mawili. Hata mimi ningekatika."

Akanipa adhabu mbili. Ya kwanza, kupanda upya uzio wake kwa masale ya kwetu. Ya pili, kumwambia Mama Aikande ukweli siku ile ile, kabla hajausikia kwa mwingine. Ya pili ndiyo ilikuwa nzito. Nilishuka kwa miguu mpaka Njoro, nikamweleza kila kitu, hata zile siku nne za kelele. Alinisikiliza huku akikung'uta chujio.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua, mama."

Akalitundika chujio. "Haya. Wiki moja nyingine. Yule muuza maziwa aliyekuja kujitambulisha jana, maziwa yake yana maji mpaka unaweza kuyafulia nguo. Lakini ni wiki moja, binti."

Sasa, nilikuwa na binamu yangu kule Kahe, Elirehema, mtoto wa mama mdogo. Kule ni tambarare tupu, mifereji na mashamba ya mpunga. Alikuwa na baiskeli nyeusi ya zamani ya aina ile ile ya baba, na kila tukikutana alilalamika kwamba inamchosha kwa uzito. Nikaiwekea ile nyekundu spoki mpya na waya mpya wa breki, nikaiendesha mpaka Kahe, na mkungu wa ndizi juu ya keria iliyoinama.

Sikumficha kitu. Nilimwonyesha keria, nikamweleza uzio. Akazunguka nayo kando ya mfereji akipiga kengele, bata wakikimbia.

"Dada, huku hakuna mteremko," akasema. "Na mzigo wangu ni jembe na kofia. Hii imenifaa kabisa. Utanipa na hizo ndizi?"

"Ndizi ni za mama yako."

"Basi mlima umeshuka na ubahili wake."

Tukabadilishana. Niliendesha ile nyeusi hadi mjini, kisha nikaisukuma hadi kwa Mzee Anaeli. Alikuwa ananisubiri na ndoo mbili za maji. Tulizifunga kwenye keria. Aliniamuru niisukume juu hadi mwisho wa uzio, kisha niteremke nayo polepole na kusimama pale alipochora mstari kwa fimbo. Mara ya kwanza nilipita mstari. Akabadilisha mipira ya breki, akaniambia nirudie. Mara ya pili niliupita kwa hatua moja. Mara ya tatu tairi ilisimama juu ya mstari wenyewe, na maji ndooni yakacheza bila kumwagika.

"Haya," akasema. "Sasa umenunua baiskeli."

Kesho yake nilifika Njoro chai haijachemka. Mama Aikande alikuwa amemwita fundi, na ukutani, karibu na mlango, palikuwa na pete nene ya chuma iliyojengewa kwa saruji. Akanikabidhi mnyororo na kufuli.

"Funga hapa," akasema. "Halafu ndiyo uje unywe chai."

Nilimpelekea maziwa miaka mingi, mpaka nikaolewa, na mdogo wangu akaendelea. Elirehema naye aliendesha ile nyekundu mpaka rangi ikaisha. Mpaka leo huniambia ni baiskeli nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo, nami simbishii, maana ni kweli.

Kwa hiyo mwanangu, ukiniuliza kama baiskeli ya bei ndogo inafaa kununuliwa, nitakuuliza kwanza unakwenda nayo wapi na umebeba nini. Kama ni kwenda dukani na kurudi, kwenye barabara ya tambarare, chukua na usione haya. Itakutumikia ukiitunza. Kama ni mlima huu na mzigo, tafuta iliyo nzito na fremu nzima hata kama imepauka, na kile kidogo kilichobaki nunulia mipira ya breki na cheni mpya. Ukikuta moja ya bei ya ajabu, na namba ya kwenye fremu imekwanguliwa, iache hapo hapo, kwa sababu kuna mtu mahali fulani amesimama na madumu matupu kama mimi nilivyosimama. Na ikianza kulia, shuka. Usingoje siku ya tano. Mwambie anayekutegemea kwamba kuna shida, akiwa bado na muda wa kukusubiri.

Usihuzunike sana kwa iliyoibwa. Mimi yangu haikuonekana tena, lakini kwa sababu yake nilipata babu wa pili. Ukipita pale kwenye mteremko, tazama uzio wa upande wa kushoto: kuna sehemu masale ni marefu kidogo kuliko mengine. Hayo niliyapanda mimi. Mungu akulinde kila unapopanda na kila unapoteremka, mwanangu, na akupe mikono ya kusimama kwa wakati.

Kesho, kabla hujatoa hela, muombe muuzaji ndoo mbili za maji, zifunge kwenye keria, tafuta mteremko ulio karibu, chora mstari chini, na usilipe mpaka baiskeli isimame juu yake.