Nilivyofuata Msafara Usingizini

Mimi na wenzangu tulijitolea kusoma kwa sauti masimulizi ya kale ya misafara, yale ambayo sasa ni mali ya umma, ili wasioona wayasikilize. Nilijirekodi nyumbani Cheyo, mchana wa joto. Wapagazi walipotua mizigo kivulini, sauti yangu ililegea, nami nikawa natembea nao taratibu kwenye vumbi jekundu. Nilipozinduka nilituma rekodi bila kuisikiliza.

Jumapili tulikusanyika Kanyenye kuzisikiliza zote. Nilikwenda na mama mkwe, nikitaka asikie nilivyo msomaji. Yangu ilianza vizuri, ikafuata mikoromo, halafu sauti yangu nyororo ikasema, "Mama, mzigo wako beba mwenyewe. Mmenichosha, wewe na mwanao."

Mama mkwe alinigeukia polepole.

"Mzigo gani, mwanangu?"