Siri Inayoitwa Sokoni

Kikundi chetu cha wakulima, upande wa Bukura, kina droni moja ndogo yenye kamera, na mimi ndiye ninayeirusha. Naiongoza kwa simu kupitia wifi yake yenyewe, nikitafuta mahindi yaliyoingiwa na viwavi kabla mwenye shamba hajayafikia kwa miguu. Nilianza kazi hiyo binti yangu akiwa na miezi minne, nikamfunga mgongoni. Wapo waliosema mama anayenyonyesha hataweza. Mwenyekiti alisema kuwashinda wote.

Asubuhi moja droni ikakataa kunisikiliza. Nilibonyeza irudi, ikaganda hewani, kisha ikaanza kushuka taratibu kama kuku anayetafuta pa kutagia, ikatua kwenye viazi vitamu vya jirani. Haikuvunjika. Kabla sijaifuta udongo, mwenyekiti alikuwa ashafika na bodaboda.

"Mama Nanii, ulikuwa unarusha ama unanyonyesha?"

Nanii si jina la binti yangu. Jina lenyewe silitaji hapa, na sababu mtaiona.

"Nilikuwa narusha."

"Basi imejitua yenyewe? Alhamisi tunakaa kikao. Tutatafuta mtu asiye na mzigo mgongoni."

Mwanangu, mzigo. Nilikasirika mpaka maziwa yakaloanisha blauzi.

Nikaipeleka droni mjini kwa fundi wa simu, mama wa Kiislamu kutoka Mumias. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, jambo ambalo hakuna mwingine alikuwa amenifanyia siku hiyo. Kisha akatoa simu yake.

"Neno la siri la wifi yake ni gani?"

"Hilo ni siri, dada. Sitoi."

"Vizuri. Na huko kwenu wanakuitanga nani?"

"Mama Nanii."

Akaandika jina la binti yangu kwa herufi ndogo. Droni ikafunguka.

"Mdogo wangu, siri gani hii inaitwa sokoni kutwa nzima?"

Nilitaka kufoka, nikajikuta nacheka. Muuza nyanya ananiita kwa jina hilo, kondakta ananiita kwa jina hilo, hata kanisani ni hilo. Mimi nilidhani kwa sababu liko moyoni mwangu, basi liko mbali na watu.

Akanieleza kwamba mtu akishaingia kwenye wifi ya droni, simu yake inaweza kuiamuru kama yangu, naye amekaa kivulini kwake. Waliotuuzia hawakutuambia hata neno. Fundi akaiwekea programu mpya. Akaniambia nibadilishe jina la wifi, maana nilikuwa nimeipa jina la kikundi kama bango la duka, halafu nitunge neno la siri refu, la maneno manne yasiyojuana. Nilipoanza kuandika, akageuza uso ukutani.

"Hata mimi nisilijue," akasema.

Jioni jirani mwenye viazi akaja mwenyewe.

"Ni mimi niliishusha. Mke wangu anaoga bafu halina paa, na kitu yako inapita juu. Nikajaribu jina la mtoto, ikakubali."

"Si ungeniambia, mzee?"

"Nikwambie saa ngapi? Unapitanga hapa ukiangalia juu tu. Salamu hujibu."

Nilimfokea vilivyo. Lakini bafu nililijua, na nilikuwa nimepita juu yake mara nyingi bila kufikiri. Siku hizi nazungukia upande wa mtoni.

Alhamisi sikuomba huruma. Niliweka droni mezani, nikaiwasha, nikasema kosa lilikuwa langu na nikaeleza lilikuwa lipi. Kisha nikamwambia mwenyekiti ajaribu kuingia kwa simu yake. Alijaribu jina la binti yangu. Akajaribu la marehemu baba yangu, kwa sauti, ili wote wasikie anavyonijua. Akajaribu la kanisa. Jirani mwenye viazi, naye mwanachama, akacheka.

"Wacha, mwenyekiti. Mimi nimejaribu tangu iwashwe."

Kikao kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti akarudisha simu mfukoni.

"Haya. Kesho anza na shamba langu."

Nikaanza nalo. Nilipomaliza nilimpigia fundi kumwambia kazi bado ni yangu, nikamsimulia kikao chote. Yeye akanisikiliza bila kunikata, kama siku ile, mpaka nikafika kwenye asante.