Mbuzi kwa eulogy ya Mzee: vile namba 12 ilitufunza kazi

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, hata kibodi inauma vidole kwa baridi.

Wakuu, hamjambo. Haya yametokea leo mbele yangu, sijaongeza chumvi. Shule niliachia form two, kwa hivyo mafundi mnikosoe polepole.

Natype na kuprint kwa duka hapa West Indies, Eldoret. Tuko wawili, mimi na Akinyi, ambaye amesomea computer. Kila mtu ana mashine yake, lakini files zote zinakaa kwa server moja huko nyuma.

Kila kazi inapewa namba. Mdosi, mwenye duka, anapenda namba fupi, so mteja akichukua kazi yake, file inafutwa na namba inapewa mwingine.

Juzi nilitengenezea jamaa wa Yamumbi poster ya mbuzi wa maziwa. Namba 12. Akachukua, Akinyi akafuta. Lakini kwa screen yangu poster ikabaki imefunguliwa.

Jana akaja Mama Chepkoech kutoka Timboroa. Mzee wake anazikwa kesho. Alimwambia Akinyi maisha ya Mzee kwa mdomo, Akinyi akitype eulogy, ule wasifu wa kusomwa mazishini. Server ikampa namba iliyoachwa. 12.

Leo asubuhi jamaa wa mbuzi akarudi.

"Boss, nibadilishie namba ya simu."

Nikabadilisha, nikasave. Mashine yangu ilijua 12 tu. Haikujua 12 sasa ni ya mwingine.

Mchana Mama akaja kuchukua. Akinyi akafungua. Mbuzi.

Mama akaangalia, akaangalia tena.

"Msichana wangu, Mzee alikuwa na ndevu, lakini si hizi."

Akacheka yeye kwanza. Halafu akalia. Hakuwa na copy popote, na sisi pia hatukuwa nayo.

Niseme ukweli, siwezi kulaumu Akinyi, alifuta kazi iliyokwisha. Jamaa wa mbuzi pia hana kosa. Mimi? Bado najiuliza.

Tukamletea chai, akaanza upya. Safari hii alikumbuka hata vile Mzee alikuwa anaogopa bata. Akafika mwisho.

"Andika mjukuu amepewa jina lake. Jina ni moja, lakini mtu akikuja kutafuta Mzee, hatutamtolea mtoto."

Hapo nikashtuka.

"Akinyi, kwani 12 haiwezi kuwa hivyo? Namba ibaki, lakini tuweke ni 12 ya mara ya ngapi."

Akaniangalia. Akasema network file systems kubwa, zile za mashine nyingi kushare files, hufanya hivyo: namba ya file inatembea na generation yake, yaani kizazi. Mashine ikija na kizazi cha zamani, server inaikataa.

Kumbe si ugunduzi wangu. Lakini nilisikia vizuri tu, sitaficha.

Akinyi akaandika script ya kuongeza kizazi kwa kila namba. Mbuzi akawa 12-1, Mzee 12-2. Copy ya eulogy tukaweka kando kwanza.

Nikarudi kwa ile poster yangu. Save.

Ikakataa: 12-1 ilifutwa.

"Umefukuzwa, omera, ndugu yangu!" Akinyi akapiga meza.

Tukafungua 12-2. Mzee yuko, na bata wake.

Mama, akingoja printer, akauliza tunashangilia nini.

"Mama, mtu amekuja kutafuta yule wa kwanza. Hatujamtolea wa pili."

Akanishika mkono. Ameenda na programme zake zote za mazishi, kavu ndani ya nailoni.

Nilichojifunza: namba peke yake haitoshi kujua mwenyewe, uliza pia ni wa kizazi gani. Na tugawe sifa vizuri: wazo ni la Mama, script ni ya Akinyi, mimi nilisikiliza. Hata hivyo leo nimetembea nyumbani kama mtu mrefu.

Wenye maduka ya network, nyinyi mnazuiaje hii? Na kama kuna mahali nimekosea, niambieni.

Jioni tumekula ugali na mboga ya managu, maziwa ya mursik kando. Mke wangu ameuliza mbona natabasamu na sahani. Nimemwomba aongeze ugali, ndio nimweleze.