Siku Niliyojifungia Ndani ya Kabati la Wasafiri wa Wakati

Mimi ni mtu ambaye hakuna cha kunishangaza, na hilo nalisema bila kujisifu (haya, kwa kujisifu kidogo), maana shule niliishia darasa la nne kule Tanga, nikafika Riyadh sijui hata kuomba maji kwa Kiarabu, na leo pale Al-Sulay, mtaa wa maghala, hakuna anayesafirisha mashine asiyejua makasha ya mbao ya Omari, hayapasuki wala hayafunguki njiani hata foklifti iyaangushe. Kwa hiyo nielewe ninapokuambia kwamba aibu hii imenichukua mwaka mzima kuitamka, na hata sasa masikio yananiwaka.

Ilianza na ndiyo moja tu. Bosi wangu, Msaudi wa miaka sitini na kitu, mtu mpole, alinionyesha kwenye simu picha ya kabati la kijivu lenye dirisha la duara ubavuni, akaniuliza kama naijua ile tamthilia ya zamani ya televisheni, ya watu watatu wanaoingia kabatini na kutokea zama nyingine, leo kwa wafalme wa kale, kesho miaka elfu ijayo. Mimi utotoni televisheni niliichungulia dirishani kwa mwenye duka mpaka akafunga pazia. Lakini nikajibu ndiyo bosi, nimeiona yote, mwanzo mpaka mwisho. Uso wake uling'aa kama wa mtoto, akasema wapenzi wa tamthilia hiyo hukutana Jeddah kila mwaka, na safari hii anataka atokee mlangoni mwa kabati lenyewe mbele yao, nimtengenezee, na kazi ikipendeza atanibadilishia ikama, kile kibali cha ukaazi, kutoka ya kibarua kuwa ya fundi.

Kwa ikama ya kibarua mke wangu asingeweza kupata viza ya kuja hata kunitembelea, na Mwanahamisi nilikuwa sijamwona miaka minne, ila uso wake kwenye kioo cha simu.

Bosi alinitumia vipande vya tamthilia nijikumbushe. Sikufungua hata kimoja (kabati ni kabati, nikajiambia, mimi wa kufundishwa kabati?). Kwenye picha mlango haukuwa na komeo, nikacheka peke yangu, sanduku gani halina komeo, nikaweka lile tunaloweka kwenye makasha yetu, ukifunga mlango linadondoka lenyewe, na liko nje, kwa sababu pale Al-Sulay mzigo haujawahi kuomba kutoka. Nikakaza skrubu sitini na nne, nikafunga magurudumu manne chini, nikaona nimemaliza kazi ya kizazi.

Jeddah ukumbi ulikuwa mtaa wa Al-Baghdadiyah, umejaa wazee wenye heshima zao waliovaa makoti ya ajabu juu ya kanzu, na bosi akinitambulisha kwa kila mmoja kwamba huyu ndiye fundi, amekua na tamthilia yetu. Mzee mmoja wa miwani akaniuliza ni safari ipi niliyoipenda zaidi. Nikamwambia ile ya mwezini. Akanitazama kwa huruma, akaniambia wale hawajawahi kwenda mwezini, hawaendi popote, wanabaki palepale, wakati ndio unaosogea. Kisha akacheka, akasema bosi akinipandisha jukwaani ataniuliza tena ili wote wasikie.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikaliona kabati langu nyuma ya pazia, nikawaza nijibanze humo dakika kumi, maswali yapite, nitoke niseme nilikwenda msalani. Nikaingia, nikavuta mlango, komeo likaanguka. Tak. Na kabla sijaelewa maana ya ile tak, magurudumu yakaanza kusogea, vijana wa ukumbi wakilisukuma kabati jukwaani wakidhani bosi ameshaingia.

Nikapiga mbao kwa ngumi, ukumbi mzima ukashangilia, kwani (nilikuja kujua baadaye) kabati la kwenye tamthilia hugonga hivyohivyo kabla ya safari. Kadiri nilivyogonga ndivyo walivyopiga makofi. Nikasukuma mlango kwa bega, kabati likabiringika lenyewe mbele ya macho ya watu, likateremka jukwaani na kulala kifudifudi, mlango chini, mimi juu ya mlango.

Nilipopiga kelele kwa Kiswahili, aliyeinama kwenye dirisha alikuwa dada mmoja Mkenya aliyekuwa akigawa kahawa.

"Wee mzee, umeumia?"

"Sijaumia, nimekwama. Mlango umelaliwa na kabati ni zito, hawataliinua. Waambie wafungue mgongoni, kwa bisibisi."

"Skrubu ni ngapi?"

"Sitini na nne."

"Na uliogopa nini kitatoroka?"

Bisibisi ilipatikana moja, ya fundi umeme wa ukumbi, akaanza kufungua moja moja, watu wakihesabu. Ya ishirini hivi, uso wa bosi ukaja dirishani, koti lake la kisafiri limejaa vumbi.

"Omari, ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nilikuwa najificha, bosi. Sijawahi kuiona hiyo tamthilia. Hata dakika moja."

Hakugomba, bora angegomba. Aliniambia taratibu kwamba yeye na marehemu kaka yake walikuwa wakiingia kabati la mama yao, wakihesabu mpaka kumi, na kaka ndiye aliyekuwa akitoka wa kwanza kila mara. Alitaka safari hii atoke yeye. Kisha akavua koti, akaichukua bisibisi kwa fundi umeme, akapiga magoti, akazifungua zilizobaki kwa mkono wake. Nilipotoka ukumbi ulipiga makofi. Yeye hakupiga.

Kurudi Riyadh ni saa tisa za barabara, na aliongea mara moja tu, kwamba nitalitengeneza upya kwa pesa ya mfukoni mwangu, ila kwanza kila Ijumaa baada ya swala niende kwake tuiangalie tamthilia pamoja, na ikama tutaizungumza nikishajua ninachokijenga. Nilikwenda Ijumaa kumi na mbili, yeye akinieleza maana maandishi ya Kiarabu chini ya picha siyasomi, na siku mmoja wa wale wasafiri watatu, mpishi, alipokutana na baba yake angali mtoto, nilisingizia vumbi machoni.

La pili halikuwa na komeo. Bosi alitokea uani kwake, mbele ya wajukuu na mjane wa kaka yake, akasimama mlangoni muda mrefu. Jumapili akaenda mwenyewe kunibadilishia ikama, na Mwanahamisi akaingia Riyadh mwezi wa Shaabani.

Tangu hapo nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, nifundishe, na naapa sitalionea haya neno hilo tena. Ile ndiyo moja, kwa plaiwudi, bawaba, rangi na kioo cha duara, ilinigharimu riyali elfu moja mia nane sitini na tatu na nusu.