Abiria Waliotupisha

Viti viwili kwenye Noah ya kwenda Ibaba vilitugharimu mazishi ya bibi, na hapo tulikuwa tumepunguziwa nauli.

Juzi, stendi ya Tunduma, nilimwona kijana amekaa kwenye gari tupu akijifanya abiria, nikaukumbuka mchana ule. Tulishuka kwenye treni mimi na mama, moshi wa malori umetanda. Bibi alikuwa azikwe saa kumi. Mpiga debe akatuonyesha Noah iliyojaa.

"Shemeji, wawili tu, tunaondoka."

Mama akabishana bei, akalipa, akasema tunawahi msiba.

Tulipokaa tu, wenzetu wakaanza kushuka mmoja mmoja. "Poleni, mama," walisema. Nilidhani wanatupisha sisi wafiwa, nikaona Tunduma ina watu wema. Mama naye akawashukuru. Leo najua kazi yao ilikuwa kujaza viti hadi mjinga alipe.

Dereva akasubiri abiria wa kweli mpaka jua likazama. Tulipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Mama sasa ni mzee. Hajamsamehe yule dereva, ila wale waliotupisha huwaombea kila Jumapili. Nimwambie ukweli, au nimwache aendelee kuwaombea?