Sikufika Kyuso, Lakini Niliandika Nimefika

Kosa ni langu, na silitafutii mwenzi. Aliyemnyima ndugu yangu ubalozi si Mzungu wala mchawi. Ni mimi, mvivu wa hapa Kikima, niliyeketi jikoni nikingoja muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, uive.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa India miaka ile ya hamsini, akisomea shahada ya pili ya mila za watu. Mimi nilikomea sekondari, nikarudi nyumbani, na nyumbani nikakaa. Mahali pa mbali nilipopenda kwenda ni chooni!

Yeye alikuwa na mipango yake. "Siku tutakapojitawala," aliandika, "watatafutwa watu wa kutuwakilisha ng'ambo. Anayejua jinsi watu wake walivyopatana ndiye atakayeweza kupatanisha mataifa." Basi akaniomba jambo moja tu: niende Kyuso kwa mjomba wetu, nimwulize wazee wa koo mbili zilizouana walikuwa wakiketi vipi kupatana.

Kyuso! Jua lile, vumbi lile, kulala kwa watu! Nikasema nitaenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine. Barua ya pili ikaja: "Bado tu?" Nikaona aibu. Nikachukua kalamu, nikaandika kwamba nimefika, mjomba amenichinjia mbuzi, na kwamba wazee wa kale walipatana wakiwa wamepeana migongo, ili hasira iliyo machoni isikutane.

Mmesikia uongo huo? Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akituketisha sisi wawili tukigombania chakula. Ningetunga hivyo shuleni, ningepasi!

Alifurahi mno. Migongo yangu ikawa sura nzima ya kitabu chake cha shahada. Akafaulu, na kwa ajili ya sura hiyo hiyo akaitwa na chuo kimoja kinachofundisha kazi ya ubalozi. Kabla ya kuanza akaja likizo, na kwa heshima zake akampelekea mjomba blanketi la shukrani. Mimi nilisema tumbo linaniuma, nikabaki.

Alirudi siku ya tatu. Hakuketi.

"Mjomba anasema hajakuona tangu ukinyonya," alisema. "Nilipowauliza wazee habari za migongo, walicheka hadi mmoja akamwaga ugoro wake. 'Mwanangu, ukimpa mgongo mtu aliyemuua ndugu yako, si atakumaliza na wewe?'"

Niliinama kuchochea moto.

"Na mimi niliamini," akasema, "kwa sababu nilimkumbuka mama. Nikajiambia, kumbe mama alikuwa akifuata mila, na sisi hatukujua."

"Lakini nani atajua?" nikamwambia. "Si ni sisi wawili tu? Hata mabalozi wenyewe hudanganya."

Nilidhani atacheka. Siku zote alinichekea!

"Wewe ni mtu wa kukaa nyumbani," alisema taratibu. "Mimi ningesimama mbele ya watu na maneno yako mdomoni."

Aliwaandikia wakuu wake mwenyewe, akaungama kosa ambalo si lake. Shahada ikafutwa, na nafasi ya ubalozi ikaenda nayo. Akarudi India, akawa mwalimu wa watoto huko huko. Hajaja tena, hata mama alipozikwa.

Ndipo nikaenda Kyuso. Safari yenyewe, jamani, siku moja tu! Nikaketi na mjomba juma zima, nikaandika kila neno, kurasa kumi na mbili, nikatuma. Baada ya miezi mitano likaja jibu la mistari miwili:

"Barua imefika. Nitajuaje kwamba ulienda?"

Ningemjibu nini? Nimwambie aulize wazee?

Sasa nyumba hii niliyoipenda kuliko safari ni yangu peke yangu. Napikia chungu kidogo. Jioni nazungumza na kuku, na hata wao wananitazama kwa jicho moja, kama watu wanaongoja ushahidi.

Wewe uliyetumwa kuuliza, nenda ukaulize! Ukishindwa, andika tu, "Sikwenda." Utagombezwa, na yataisha. Mimi huku natamani hata mtu wa kunigombeza.