Si Karuho, Ni Vidonge

Maman Madeleine wa Kadutu ni mshonaji, na anajua kujivuna. Ukimpelekea kitambaa, kabla hajakupima kiuno ameshakusimulia habari za mwanawe Venant: alivyofaulu shuleni, alivyo mpole, anavyochimba dhahabu kule Luhwindja. Wateja walikuwa wakikonyezana, lakini walirudi, maana mkono wake wa kushona hauna mfano.

Alichokuwa hajui ni kwamba huko mashimoni Venant alikuwa akimeza vidonge vya kufukuza usingizi, ili achimbe bila kupumzika. Aliporudi nyumbani hakuwa Venant yule. Halali, anaongea na ukuta, anaona kila mtu anataka kumuua. Asubuhi moja akatoka mbio uani akipiga kelele kwamba Mama Bulonza, mjane wa jirani anayeuza uji, amemtilia karuho kikombeni.

Sumu hiyo ikitajwa Bukavu, hakuna anayebaki amekaa. Wakati Madeleine anamkimbiza mwanawe hospitalini, kwenye urgences, chumba cha wagonjwa wa dharura, vijana wa mtaa walikuwa wanaokota mawe.

Daktari alimchoma Venant sindano ya kumtuliza, akamhoji taratibu, mpaka Venant mwenyewe akatoa pakiti ya vidonge mfukoni. Hapakuwa na sumu ya jirani. Vidonge ndivyo vilivyomvuruga akili, na akiviacha angeweza kupona.

Madeleine alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtoto aliyetiliwa sumu huonewa huruma; mtoto wa vidonge huchekwa, na mama yake pamoja naye. Akinyamaza tu, jina la Venant litabaki safi. Lakini Mama Bulonza atauawa.

Akawaachia wauguzi mwanawe, akapanda pikipiki kurudi mtaani. Vijana walikuwa wameuzunguka mlango wa mjane, na Akonkwa, mkubwa wao kwa kelele, yuko mbele na jiwe mkononi. Madeleine akajipenyeza, akauegemea ule mlango kwa mgongo.

“Muweke mawe chini! Hakuna mutu alimupatia karuho. Mutoto yangu anamezaka bidonge ju asilale. Ye mwenyewe, na mukono yake.”

“Maman, unasema vile juu ya mutoto yako?” Akonkwa akashangaa.

“Nasema. Iko mutoto yangu, na iko mugonjwa.”

Huyo ndiye mwanamke! Vijana wakatazamana, wakatawanyika mmoja mmoja. Soko zima likamsema kwa majuma, na iliuma, tusidanganyane. Alilia juu ya cherehani yake, lakini hakuyakana maneno yale hata mara moja.

Venant akapata nafuu, kisha akavirudia vidonge, kama wengi wanavyovirudia. Safari hii wazimu ulimpanda katikati ya soko, mama yake akiwa Walungu mazishini. Akaanza kumnyooshea kidole mwanamke mmoja muuza chumvi, akisema amemwekea sumu. Madeleine alipopigiwa simu, alisafiri njia nzima akiwaza kamba, mawe, na huyo mwanamke wa watu.

Aliingia urgences akihema. Venant alikuwa kitandani, amelala usingizi mzito, hana kamba wala jeraha. Pembeni alikuwa amekaa Akonkwa, amemshika mkono.

“Usiogope, maman,” akasema. “Ule muuza chumvi hakuna mutu alimugusa. Na docteur tulishamuambia: haiko karuho, iko bidonge.”